Sura ya Nne: Kengele ya Los Corozos

Ijulikane kwa watu wote, wa mabara na wa visiwa, waliopo na watakaozaliwa, kwamba Jumanne ile mjini Baní, shauri gumu kuliko yote katika historia ya besiboli ya Dominikana lilikabidhiwa kwa mpelelezi mwenye akili kali, jicho la mwewe na moyo usiojua hofu.

Mpelelezi huyo alikuwa Licenciada Nurys Montilla. Mimi nilibebeshwa mkoba wake.

Licenciada ndivyo tunavyomwita mtu aliyesomea sheria. Yeye alikuwa ameisomea, kisha akafanya kazi polisi, kisha ligi ikamwajiri kuchunguza umri wa vijana wanaotaka kusajiliwa na klabu za Marekani. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye viatu vya raba na sauti ya chini, na alitembea akiangalia chini kama mtu aliyedondosha pini.

Mimi kwenye cheti ni Eudys Marmolejos, mdakaji. Kambini naitwa Askofu, kwa sababu nilisoma shule ya bweni ya mapadri kule La Vega, mpaka asubuhi ile mbuzi alipokutwa amekaa kwenye kiti cha mkuu wa shule akiwa amevaa joho lake. Mbuzi hakuadhibiwa. Mimi nilifungishwa virago, nikaangukia kambi ya Kocha Radhamés Ubrí, ambako hakuna joho la kumvisha mtu yeyote.

Shauri lenyewe lilikuwa Kishada.

Kishada, kwenye cheti Yeifri Cuevas, ni mrushaji wetu, rafiki yangu, na mwenzangu wa chumba. Amepewa jina hilo kwa kuwa ni mwembamba na mikono yake inapepea. Mpira ukitoka kwenye mkono ule, kifaa cha kupimia kasi kinasoma maili tisini na nne, na kiganja changu ndani ya glovu kinasoma zaidi. Klabu moja ilikuwa imeshamwahidi mkataba, na siku ya kusaini ilikuwa wiki iliyofuata. Cheti chake kilisema ana miaka kumi na sita. Tatizo ni kwamba cheti hicho kilitolewa Kishada akiwa tayari anakimbiza kuku. Alizaliwa nyumbani, na mama yake akachelewa kumwandikisha. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kama kukatika umeme. Kwa ligi, hilo linanuka udanganyifu. Licenciada akiandika "umri haukuthibitika," Kishada anafungiwa mwaka mzima, na hakuna klabu inayomsubiri mtu mwaka mzima. Mama yake, Doña Eneria, huvuna chumvi kule Las Salinas, na tangu ahadi ile ije alikuwa amethubutu kusema kwa sauti kwamba labda huu utakuwa msimu wake wa mwisho kwenye chumvi.

Licenciada alianzia kwenye meza yetu ya chakula, mpishi akiwa bado anakaanga salami.

"Keti, mwanangu. Umekula?"

"Ndiyo, Licenciada," Kishada akasema.

"Mwalimu wako wa darasa la kwanza alikuwa nani?"

"Mwalimu Obdulia."

"Alikuwaje?"

Kishada akafikiri. "Alinuka kitunguu saumu."

"Ulikaa dawati moja na nani?"

"Yudelka. Jirani yetu."

"Nani alikuwa mrefu?"

"Yeye. Mpaka darasa la sita. Alikuwa ananipiga."

"Kwa nini?"

"Mpaka leo hajasema."

Licenciada akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na friji, nikijifanya friji.

"Siku uliyozaliwa ilikuwaje? Usiku, mchana, mvua, jua?"

"Sijui, Licenciada. Nilikuwa mdogo sana."

Mpishi akacheka mpaka akaangusha mwiko. Licenciada hakucheka. Alikuwa akimtazama Kishada mikononi. Hapa niseme jambo ambalo kambi nzima inalijua: Kishada hawezi kusema uongo. Akijaribu, anakuna kiwiko. Siku kocha alipouliza nani kamaliza jibini, Kishada alitaka kunilinda, akajikuna mpaka ngozi ikatoka. Asubuhi ile mikono yake ilitulia mezani kama ya mtu aliyelala.

"Simu zenu," Licenciada akasema, na zote mbili zikaingia mkobani. "Tunakwenda Los Corozos, alikozaliwa huyu. Yeifri atakaa mbele nami. Kila nitakaposimama atabaki ndani ya gari. Na huyu mrefu anayejificha kando ya friji atabeba mkoba. Unaijua njia?"

"Kiasi, Licenciada. Mimi ni wa Constanza, mlimani. Lakini nimewahi kumsindikiza mara moja moja."

"Vizuri," akasema. Laiti ningejua neno hilo lina uzito gani kinywani mwake.

*

Los Corozos ni barabara moja ya vumbi, nyumba za rangi za peremende kila upande, na duka la Don Quico katikati. Barazani wazee wanne walikuwa wakicheza dhumna huku spika ikilia bachata kwa sauti ya kutikisa chupa.

"Mungu awabariki," Licenciada akasema. "Natafuta watu wanaomfahamu Yeifri Cuevas."

Dhumna ikasimama.

"Yeifri?" akauliza mmoja. "Yule wa mitungi ya gesi?"

"Yule alihamia Azua."

"Hakuhamia, alikufa."

"Alikufa lini na jana nimemwona?"

"Kishada," nikasema.

"Aaa! Kishada!" Wote wakapiga meza. "Sema hivyo tangu mwanzo, mama! Kishada wa Eneria! Yeifri ndiyo nani sasa!"

Licenciada hakuonekana kushangaa. Kwetu mtu anaweza kuzikwa, majirani wakauliza kaburini marehemu huyu aliyetajwa na padri ni yupi.

Don Quico akazima bachata, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa.

"Mtoto yule," akasema, "alizaliwa mwezi wa nane, usiku wa tufani, ana miaka kumi na sita kamili. Mto ulifurika. Mama yake alibebwa na wanaume wanne juu ya mlango wa bluu. Na walipofika mbele ya kanisa, kengele ikalia, na mtoto naye akalia."

Mzee mmoja akavua kofia.

"Asante, Don," Licenciada akasema.

Wa pili alikuwa kinyozi, Chago, aliyekuwa na mteja mwenye nusu ya nywele.

"Ilikuwa usiku wa tufani," Chago akasema, mashine ikinguruma hewani. "Mto ulifurika. Wanaume wanne, mlango wa bluu. Kengele ikalia, mtoto naye akalia."

"Ni kweli," akasema mteja.

"Nawe ulikuwepo?"

"Mimi ni wa Azua, Licenciada. Lakini inasikitisha sana."

Wa tatu alikuwa dereva wa bodaboda, kijana mwenye miwani ya jua na kujiamini kwingi.

"Niliona kwa macho yangu haya," akasema. "Mlango wa bluu. Mto. Kengele."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Kwa hiyo wakati ule ulikuwa na minne."

"Ndiyo, Licenciada. Lakini nilikuwa mwerevu."

Wa nne, mwanamke wa saluni, aliongeza machozi, na lazima nikiri kwamba yalifaa sana. Kufikia hapo mpelelezi wa kawaida angefunga daftari lake na kwenda kula wali. Ushahidi ulikuwa unamwagika kama maji ya bomba lililopasuka. Nilianza kujisikia vizuri, tumboni na kwingineko.

Wa tano alikuwa Doña Tatica, jirani wa ukuta mmoja na mama yake Kishada, mama mnene mwenye mikono ya kukanda unga. Yeye tangu mwanzo alionekana kama mtu aliyemeza mfupa.

"Alizaliwa," akaanza, "usiku wa... wa tufani. Kulikuwa na mlango."

"Mlango wa rangi gani?"

"Wa bluu. Wanaume wanne. Wakafika kanisani, na halafu..." Akakwama. Akatazama dari. Akanitazama mimi. "Nani alianza kulia? Mtoto au kengele?"

"Endelea tu, Doña, bila haraka," Licenciada akasema. Lakini hakuwa akimtazama Doña Tatica.

"Kengele," mama yule akamalizia kwa unyonge. "Halafu mtoto. Licenciada, mimi nilitaka kusema jambo jingine, ila nimeambiwa... basi. Ni hivyo. Kengele."

"Umeambiwa na nani?"

"Na kumbukumbu zangu," akasema Doña Tatica, akaingia jikoni kutazama sufuria ambayo haikuwepo.

*

Garini, Licenciada hakuwasha injini. Kishada alikuwa akizungusha mpira vidoleni, kama afanyavyo siku zote.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," Licenciada akasema, akikiambia kioo cha mbele. "Katika mtaa wa Kidominikana ukiwauliza watu watano saa ngapi, utapata majibu saba na ugomvi mmoja. Wale wazee wa dhumna hawakubaliani hata iwapo mtu amekufa au yu hai. Lakini leo watu watano wamekubaliana rangi ya mlango."

"Labda ulikuwa mlango wa kukumbukwa," nikasema.

"Labda. Twende tukaisikie hiyo kengele."

Kanisa la Los Corozos ni chumba kimoja cha matofali chenye paa la bati. Mzee mmoja alikuwa akifagia mlangoni.

"Mzee, kengele iko wapi?"

"Kengele gani, mwanangu?"

"Ya kuwaitia watu kwenye misa."

Mzee akacheka kwa ufizi. "Kengele tumeahidiwa tangu enzi za Papa yule mwingine. Sisi tuna ile."

Pembeni, kwenye nguzo ya mti, ilining'inia ringi ya gurudumu la lori, imeliwa na kutu, na kipande cha nondo kimefungwa kwa kamba. Licenciada akaichukua nondo, akagonga mara moja. Ikatoka sauti kama ya sufuria iliyotukanwa. Mbwa watatu wakajibu.

"Siku zote mmetumia hii?"

"Tangu lori la marehemu shemeji yangu lilipopinduka. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Ndipo pikapu ya Kocha Radhamés ilipofika kwa vumbi. Akashuka akijipangusa shingo. Ni mtu mkubwa wa kifua, anayetusomesha, anayetulisha na anayetutukana kwa usawa bila upendeleo. Mkataba ukisainiwa, naye hupata sehemu yake, na kila mtu anajua kwamba zamani kijana wake mmoja alikutwa anatumia cheti cha binamu yake. Kama ningekuwa mimi ndiye mpelelezi, ningemfunga pingu hapohapo na kwenda zangu.

"Licenciada, nimesikia uko huku, nikaona nije nikuamkie."

"Kocha, watu hawa wamefundishwa maneno ya kusema. Ni wewe?"

"Nakuapia kwa macho ya mama yangu mzazi, safari hii sijafanya kitu!"

"Safari hii?"

Kocha akanitazama kana kwamba mimi nina jibu. "Nilitaka kusema kamwe, Licenciada. Kamwe."

"Ulizaliwa wapi?"

"Hapahapa. Nyumba ile ya kijani."

"Ukiwa mtoto, watu waliitwaje kanisani?"

"Kwa ile ringi. Niliwahi kuipiga usiku wa Ijumaa Kuu, mtaa mzima ukaamka. Bado nina alama ya mkanda."

"Ungetaka kutunga hadithi ya kanisa hili, ungeweka kengele?"

"Kengele?" Kocha akatazama ukuta wa matofali, kwa dhati kabisa. "Ya nini?"

"Basi si wewe," Licenciada akasema, akamwacha amesimama na kifua chake.

Nilimfuata na mkoba.

*

Doña Eneria alikuwa amerudi kutoka kwenye chumvi. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka, na alipomkaribisha Licenciada alivificha chini ya kanga ya jikoni, kisha akatuletea kahawa kwenye vikombe vidogo. Safari hii Licenciada alimruhusu Kishada aingie. Akasimama kizingitini, kichwa kikigusa fremu.

"Doña Eneria, mlango wa bluu ulikuwa wa nyumba hii?"

"Nyumba hii wakati ule ilikuwa na pazia," akasema mama. "Hata mlango sikuwa nao. Mwanangu alizaliwa mchana, jua linawaka, kitandani pale. Tufani ilikuja baadaye, ikamkuta ananyonya."

"Majirani zako wanasema vingine."

"Najua. Nami niliambiwa niseme hivyo. Nilikataa. Siwezi kumwambia mwanangu alizaliwa juu ya mlango."

"Nani alikuambia?"

Doña Eneria akatazama sakafu. Alikuwa mama aliyenifulia nguo zangu mara nyingi kuliko mama yangu mwenyewe. "Sikumbuki, Licenciada."

"Leo Los Corozos nzima inakumbuka kila kitu. Wewe ndiye mtu wa kwanza kusahau."

Licenciada akaweka kikombe chini, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa shati. Sauti yake ikashuka zaidi.

"Mimi nakuamini, Doña. Lakini kuamini si kazi yangu. Wewe ni mama yake, na neno la mama peke yake ligi hailipokei. Ningehitaji jirani mmoja tu wa kukuunga mkono, na majirani wote nimewakuta wanasema uongo. Watu wakidanganya hivi, wakubwa wangu watauliza wanaficha nini. Nitalazimika kuandika kwamba umri haukuthibitika."

"Mwaka mzima?" Kishada akauliza kutoka mlangoni.

"Mwaka mzima, mwanangu."

Kishada akautazama mpira mkononi, halafu akauweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Mama yake akatoa viganja chini ya kanga, akavitazama, akavirudisha.

"Isipokuwa," Licenciada akasema, "aliyeitunga hadithi ajitokeze aseme kwa nini. Maana huyo namfahamu kidogo." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Si mtu wa hapa. Mtu wa hapa haweki kengele kwenye kanisa la ringi. Amekulia mahali ambapo kengele hulia, asubuhi ya kuamka, mchana ya kula, jioni ya kusali, mpaka anadhani kila kanisa duniani lina kengele. Majirani walimpenda kiasi kwamba hawakutaka kumsahihisha. Nina hakika walijua. Waliona tu kwamba imependeza. Na ni mtu anayejivunia kazi yake, kwa sababu Doña Tatica alipokwama, kulikuwa na mtu nyuma yangu ambaye midomo yake ilimalizia sentensi kabla yake. Kwenye kioo cha kabati lake la vyombo nilimwona vizuri sana."

Nilikuwa nimeukumbatia mkoba kifuani kama ngao. Niliangalia nyuma yangu, kwa matumaini kwamba kuna mtu mwingine. Kulikuwa na kalenda.

Mapadri walitufundisha kwamba toba njema huanza kwa kupiga magoti. Sikupiga, maana mkoba ulikuwa mzito.

"Ni mimi," nikasema. "Jumapili iliyopita. Kishada alikuwa Boca Chica kwenye majaribio. Nilichukua bodaboda, nikawakusanya watu dukani kwa Don Quico, nikawafundisha. Chago alitaka mlango uwe mwekundu, tukapiga kura."

"Yeifri alikutuma?"

"Hapana."

"Alijua?"

"Hapana. Angekuna kiwiko."

"Kocha?"

"Kocha hajui hata leo ni Jumanne."

"Tunga sentensi moja ya kweli," Licenciada akasema. "Moja tu. Kwa nini?"

Kabla sijaitunga, dirisha likasukumwa kutoka nje. Doña Tatica alikuwa amesimama pale, na nyuma yake Chago, mteja mwenye nusu ya nywele, dereva wa bodaboda, na wazee wawili wa dhumna walioshika vipande vyao ili wasiibiwe.

"Kwa hiyo sasa naweza kusema?" akafoka Doña Tatica. "We Askofu, sasa naweza kusema la kwangu? Maana nimelimeza tangu Jumapili, na koo linaniuma!"

"Sema, Doña," Licenciada akasema.

"Mtoto huyu nimemnyonyesha mimi! Eneria alishikwa na homa baada ya kujifungua, maziwa yakakauka. Mimi nilikuwa nimetoka hospitali ya Baní na Yudelka wangu, wa juma lilelile. Nikamnyonyesha Yudelka huku na huyu huku. Ni ndugu wa kunyonya! Nikataka kukuambia hivyo, huyu mwanafunzi wa mapadri akaniambia, 'Doña Tatica, maziwa hayana mvuto, tutumie mlango.'"

Watu wote wakanitazama. Ni kweli nilisema hivyo. Hata maneno ni yaleyale.

Msichana mrefu mwenye rola kichwani akajipenyeza dirishani. "Ndiyo maana nilikuwa nampiga," akasema Yudelka. "Alininyonyea upande wangu."

"Yudelka alizaliwa hospitali?" Licenciada akauliza haraka. "Aliandikishwa siku ileile aliyozaliwa?"

"Hospitali, na daktari, na kila kitu!"

"Doña Tatica, zunguka uingie. Doña Eneria, nenda nje kidogo." Akawatenganisha kama majogoo. Akamuuliza wa kwanza, akatoka, akamuuliza wa pili, akawaweka pamoja. Doña Tatica alisema mtoto aliletwa kwake asubuhi na jioni. Doña Eneria alisema usiku tu. Doña Tatica alisema alinyonya mpaka alipoota meno.

"Meno gani?" Doña Eneria akawaka. "Ulimwachisha kabla, siku tulipogombana juu ya kuku wangu!"

"Kuku wako aliingia mwenyewe kwenye sufuria yangu?"

"Baada ya miaka yote hii unakiri!"

"Sikiri! Naeleza!"

"Alikuwa wa madoadoa," akasema mzee wa dhumna kutoka dirishani.

"Alikuwa mweusi!" wakamjibu wote wawili kwa pamoja, kisha wakaendelea kupigana kwa maneno.

Licenciada alikuwa akiandika kwa kasi, akigeuza kurasa, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anatabasamu.

"Haya," akasema mwishowe. "Hivi ndivyo watu wanavyokumbuka. Kesho asubuhi nitakuwa hospitali ya Baní kutazama rekodi za kuzaliwa kwa Yudelka, halafu kwa Mwalimu Obdulia kuuliza juu ya dawati. Vikikubaliana na haya, Yeifri atasaini." Akanigeukia. "Jina lako nitaliandika pia, Eudys. Uliingilia uchunguzi. Maskauti wa klabu husoma ripoti zangu, na wewe ni mdakaji unayetafuta klabu. Sijui watasemaje."

"Naelewa, Licenciada."

"Na mkoba uweke chini sasa. Umeutesa vya kutosha."

Doña Eneria alikuwa akilia na kumtukana Doña Tatica kwa wakati mmoja, huku wameshikana mikono. Nje mtu aliwasha tena bachata. Nikatoka uani, nikakaa kwenye kreti tupu la bia karibu na pipa la maji.

Kishada akaja akakaa kwenye ukuta wa mbele yangu. Hakuwa na hasira ambayo ningeweza kuitania. Nilijaribu hata hivyo.

"Umesikia, kaka. Umemnyonyea mtu upande wake. Hiyo ni kesi nyingine."

Hakucheka.

"Hukuniuliza," akasema. "Tunalala chumba kimoja. Ungeuliza tu, ningekuambia."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Kunisaidia nini? Cheti changu ni cha kweli." Akanikazia macho. "Askofu, ulidhani nina miaka mingapi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na moja lenye Kilatini ndani yake, na jingine lenye mbuzi. Nikafikiria vile anavyosali kabla ya kula, vile anavyokunja nguo zake, zile ndevu zake tatu, na mpira ule unaotua mkononi mwangu kama tofali lililorushwa na mtu mzima. Nikafikiria kwamba kila usiku aliniambia mambo, nami niliyasikiliza yote kama mtu anayesikiliza hadithi nzuri.

"Kumi na tisa," nikasema. "Tangu siku ya kwanza. Sikuwahi hata mara moja kufikiria kwamba unasema kweli."